Milango ya nakshi Mji Mkongwe: miimo inaegemeana, nakshi zinatoka bapa

kichochoro_cha_pili:
Assalaam aleikum. Napiga milango ya nakshi Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa kamera ya fremu kamili (kihisi cha mm 36 kwa 24) yenye lenzi ya mm 24. Miimo, yaani nguzo za kando za mlango, inaegemeana kadiri inavyopanda, kana kwamba mlango unaanguka kinyumenyume. Tena mnyororo uliochongwa kwenye miimo hauonekani kina chake. Njia ni nyembamba, nafasi ya kurudi nyuma hakuna. Nifanyeje?

fundi_lenzi:
Wa aleikum salaam. Miimo huegemeana kwa sababu kamera imeinuliwa uso. Isimamishe sambamba na mlango, kwa kimo cha katikati yake: mlango wa mita 3, kamera iwe mita 1.5 kutoka chini. Washa mistari ya gridi, ulinganishe na miimo yote miwili pamoja na mfaa, ule mti wa kati kwenye bawa la mlango.

Mm 24 ikishikwa wima huchukua kimo cha mita 3 kutoka mita 2. Rudi hadi mita 2.7 upate mita 4, maana kizingiti cha juu kinahitaji nafasi ya kupumua. Mm 50 ingetaka zaidi ya mita 4 kwa mlango huohuo. Pakibana, omba ruhusa uketi kwenye baraza ya mkabala, mgongo ukutani.

Ikishindikana, piga picha tatu toka chini kwenda juu, kila moja ikiingiliana na mwenzake kwa theluthi. Funga mipangilio ya mwanga na fokasi kwenye kamera isibadilike, kisha ziunge kwa Hugin, programu ya bure. Iwekee alama za mistari wima kwenye miimo, ndipo itanyoosha. Baraza ikiwa mbele kabisa ya picha, kiungo huvunjika hapo, iache nje.

nuru_ya_pembeni:
Hilo la miimo limekwisha. Nakshi ni suala la nuru. Ukuta mweupe wa mkabala unarudisha mwanga sawasawa kila upande, vivuli vinakufa. Tundika kitambaa cheusi upande mmoja, nje kidogo ya picha, mnyororo utainuka papo hapo. Hii ni bora kuliko flashi ya kwenye kamera, ambayo inabapaza zaidi.

Jua likiupiga mlango moja kwa moja, subiri likwaruze ubao kwa mshazari. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini: milango inayotazama kaskazini hupata jua, ya kusini inabaki kivulini. Desemba ni kinyume.

Anzia f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kamera juu ya stendi, taima ya sekunde 2. Ukuta mweupe ukijaa kwenye picha, kamera huzitia mbao giza. Ongeza mwanga kwa hatua moja, yaani maradufu, na uhifadhi faili la RAW, picha ghafi isiyobanwa na kamera.

kichochoro_cha_pili:
Shukrani sana. Na njumu za shaba, zile zilizopigiliwa mlangoni? Zinawaka nyeupe tupu.

nuru_ya_pembeni:
Kichujio cha polaraizi kitapunguza mng'ao wa mafuta kwenye mbao, ila wa shaba hakiuondoi. Sogea kando sentimita chache mpaka doa liondoke, au piga picha ya pili yenye mwanga pungufu kwa hatua mbili, uziunganishe. Maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu yapigie picha yake peke yake, kwa karibu. Huko mara nyingine ndiko mwaka ulikochongwa.