Sensa ya 1861: eka 7 za mboga Fulham zililishaje watu nane?

Msoma Makaratasi
Wakuu, naomba msaada. Nina kaya ya Fulham, magharibi mwa London, sensa ya 1861. Baba kaandikwa "market gardener" (mkulima wa mboga za kuuza sokoni), eka 7, kaajiri wanaume 3 na mvulana 1. Safu ya kazi ya mke ni tupu. Watoto sita, wakubwa wawili ni wanafunzi. Eka 7 zilitosha? Mke alikuwa wa nyumbani tu? Na mbona 1871 hawapo tena pale?

Jembe Butu
Mkuu, eka 7 kwa ngano ni kashamba kadogo tu. Kwa mboga ni mzigo. Ardhi haikulala: figili zilisiwa katikati ya mistari ya koliflawa na kung'olewa kabla kivuli hakijazifikia.

Nguvu yote ilitoka kwenye samadi ya farasi. Gari la farasi liliondoka usiku na kabichi, likafika Covent Garden, soko kuu la mboga la London, kabla ya kucha (siku kubwa zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi), likarudi na samadi ya mazizi ya mjini. Safari tupu ilikuwa hasara.

Samadi hiyo ndiyo iliyowapa matango mapema, wakati bei iko juu. Mbichi yenye majani makavu ilirundikwa, ikapinduliwa mara mbili tatu ndani ya wiki mbili hivi, kisha ikapangwa tuta la kimo cha mita moja. Juu fremu ya mbao yenye kioo, ndani udongo wa sentimita 15. Ukipanda kabla joto halijashuka, mizizi inaungua, na amonia iliyofungiwa chini ya kioo inaua miche. Rundo likikauka katikati linageuka jeupe na halichemki tena. Likianza kupoa, unalizungushia samadi mbichi ubavuni. Wenye samadi ya ng'ombe wasijaribu, ni baridi mno kwa kazi hii.

Bi Mchicha
Kuhusu mke: safu tupu isikudanganye. Makarani mara nyingi waliacha wazi kazi ya mke hata kama alikuwa anapalilia, anafunga mafungu na kuosha karoti. Na "mwanafunzi" si ushahidi kwamba mtoto alikwenda shule kila siku. Sheria ya kulazimisha mahudhurio kote, miaka 5 hadi 10, ilikuja 1880. Hata baada ya hapo, vitabu vya kumbukumbu vya walimu wakuu vimejaa watoto waliokosekana msimu wa kuchuma njegere.

Halafu tazama tarehe. Sensa ya 1861 ilikuwa usiku wa Aprili 7. Stroberi huiva Juni. Wanawake waliokuja kwa miguu kutoka Shropshire na Wales kuchuma na kubeba vikapu kichwani hadi sokoni hawawezi kuonekana humo. Ile ya 1841 ilikuwa Juni 6, inaweza kuwanasa, ila ina mitego yake: haitaji uhusiano wa watu ndani ya nyumba, umri wa waliozidi 15 kwa kawaida umeshushwa hadi mafungu ya miaka mitano, na mahali pa kuzaliwa inauliza tu kama ni kaunti ileile, au kama ni Scotland, Ireland au nchi za nje.

Msoma Makaratasi
Shukrani sana Bi Mchicha. Na kupotea kwao 1871?

Jembe Butu
Anza na ardhi. Wengi walikuwa wapangaji, na miji ilipotanuka mwenye ardhi alipata zaidi kwa nyumba kuliko kwa kabichi. Mpangaji akiondoka, miti ya matunda na vichaka alivyopanda vilibaki pale, isipokuwa mkataba au desturi ya mahali ilimlinda, kama kule Evesham, katikati mwa Uingereza, ambako mpangaji anayeingia alimlipa anayetoka. Haki ya fidia kwa wakulima wa mboga iliwekwa kisheria 1895, na huyu wako alikuwa ameshahama.

Fuatilia vitabu vya parokia (mtaa) vya kodi ya ardhi na nyumba, mwaka kwa mwaka, 1861 hadi 1871. Jina la mkazi likibadilika, ndio mwaka aliotoka. Kisha mtafute upande wa magharibi zaidi, Chiswick au Isleworth, na usitafute kwa jina la baba pekee. Jaribu la mtoto mdogo mwenye "Fulham" kwenye safu ya kuzaliwa.