Harufu ya kinyozi wa zamani katika sabuni na losheni za kunyolea inatokana na nini hasa?

Wembe Butu: Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye ujuzi. Bidhaa nyingi za kunyolea ndevu husifiwa kwamba zina harufu ya kinyozi wa zamani, lakini kila ninayoijaribu huanza vizuri kwa lavenda, kisha punde si punde hubaki utamu mtupu wa poda, bila ule ukavu wenye uchungu kidogo uliokuwa ukikaa shingoni hadi jioni. Je, harufu ile ilitengenezwa kwa vitu gani, na kwa nini hizi za sasa haziifikii?

Povu Zito: Kwa maelezo yako, unatafuta mchanganyiko ambao mafundi wa manukato huuita fougère, uliopata umaarufu kupitia Fougère Royale, manukato yaliyotolewa na kampuni ya Houbigant mwaka 1882. Msingi wake ni lavenda, kumarini na likeni, yaani kuvu na mwani walioungana, inayoota kwenye magome ya mialoni. Kumarini hupatikana katika mbegu za tonka na hunukia kama majani yaliyofyekwa yakaanza kukauka. Mkemia William Henry Perkin aliitengeneza maabara mwaka 1868, na Fougère Royale ilitumia hiyo ya maabara. Ukavu unaoulilia, hata hivyo, huletwa na likeni. Ndani yake mna atranoli na kloroatranoli, kemikali zinazowasababishia baadhi ya watu mzio wa ngozi, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku, kiasi kwamba tangu Agosti 2021 vipodozi vyenye kemikali hizo haviruhusiwi kuuzwa huko. Watengenezaji wengi sasa hutumia likeni iliyosafishwa au viungo mbadala, na utamu wa kumarini hukosa wa kuuzuia.

Mzee wa Brashi: Nakubaliana na ndugu Povu Zito, ila si kila kinyozi alinukia lavenda. Wapo waliozoea bay rum, losheni inayotokana na majani ya mti wa Karibi uitwao Pimenta racemosa, yenye eujenoli ileile inayoipa karafuu harufu yake. Kwa Waitalia wengi, kinyozi ni mikaratusi na mentoli, kama ilivyo chapa ya Proraso tangu mwaka 1948. Na poda iliyopakwa shingoni kwa brashi, ambayo wengi huisahau, ilichangia zaidi kuliko tunavyodhani.

Wembe Butu: Nashukuru sana, wakuu. Ninayoitafuta ni ya lavenda. Nitaitambuaje kabla ya kununua?

Povu Zito: Soma orodha ya viungo. Likeni ya mwaloni huandikwa Evernia prunastri extract, na kumarini huandikwa Coumarin. Ukiyakuta majina yote mawili pamoja na lavenda, ambayo huandikwa Lavandula, basi uko karibu. Usiihukumu losheni ikiwa bado mbichi usoni, kwa sababu spiriti hupaa haraka ikiondoka na harufu nyepesi za mwanzo. Subiri nusu saa ndipo uinuse. Mimi binafsi ningeanza na sabuni ya kupigwa povu kwa brashi na maji ya moto, kwani mvuke huiinua harufu hadi puani muda wote unaponyoa. Kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, jaribu kwanza kidogo mkononi, maana hata likeni iliyosafishwa inaweza kuleta mzio.