Naomba ushauri: mafuta ya kukaangia kwenye injini ya dizeli
Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma mjini, nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ile ya pampu ya zamani. Wakaanga chipsi na samaki wa migebuka huku mtaani Mwanga wananiuzia mafuta yaliyochoka kwa bei ya kutupa. Nayachemsha mpaka yaache kutoa mapovu, maji yaishe, yanatulia kwenye pipa, kisha nayachuja kwa kitambaa cha jinzi na filta ya mikroni 5.

Ya alizeti hayana shida. Kisirani ni mawese: asubuhi yameganda kama samli, filta inaziba. Nichanganye na dizeli kiasi gani? Au nifunge tenki la pili linalopashwa na maji ya rejeta, niwashe na kuzima kwa dizeli? Fundi wangu anadai nitaua nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini, ila huyo kila kitu anakikataa. Waliowahi kutumia mawese, nisaidieni.