Hadithi ya binti tomboi na mchawi, mwisho wake niuweke vipi?

BabaMsimulizi:
Wadau naombeni ushauri. Kila usiku namsimulia binti yangu wa miaka 9 hadithi ninayotunga mwenyewe, shujaa wake ni tomboi, anapanda miti, magoti hayaishi vidonda, mfukoni ana kamba na kipande cha kioo, sasa kuna mchawi anaiba vivuli vya watoto na mtoto akiibiwa kivuli anaanza kusahaulika mpaka mama yake mzazi anampita mlangoni kama hamjui. Jana nimemaliza, msichana kapewa fimbo ya uchawi, kamshinda mchawi, kavalishwa gauni la dhahabu. Binti akageukia ukutani akaniuliza, "kwa hiyo ile kamba ilikuwa ya nini?" Nikakosa jibu. Nimemuahidi leo narekebisha.

Mtunzi_K:
Mkuu binti ameona mbali. Ukimpa fimbo, yeyote yule angeshinda, hata aliyelala ndani muda wote. Kamba apandie, kioo amulikie! Uchawi lazima uwe na masharti, mfano vivuli vinafichwa penye giza totoro na mwanga ukigusa tu vinatoroka, ila hilo sharti lidokeze mapema kabisa, lisije kuibuka dakika ya mwisho.

DadaMsomaji:
Hilo gauni limenigusa. Nilikuwa mtoto wa hivyo hivyo, na kila kitabu mwishoni yule msichana anafugwa, anasukwa, anatulia, nikawa naacha kurasa za mwisho makusudi. Kilichonitoa huko ni kitabu cha Alanna cha mwandishi Tamora Pierce, cha 1983, binti anabadilishana nafasi na pacha wake, anajiita Alan ili asomee upiganaji ikulu, na uchawi wa kuponya anao wa kuzaliwa ila anauogopa vibaya mno. Mpaka mwana wa mfalme anaugua homa yuko hoi ndio inabidi autumie. Nililia pale. Wa kwako naye aogope kitu jamani, mikono imtetemeke kwenye hiyo kamba.

Mtunzi_K:
Hapo kwenye kuogopa nakuunga mkono 100%

MwalimuWaChekechea:
Naongezea moja, gauni lenyewe usiligeuze adui. Kuna tomboi anapanda mti na gauni lake vizuri tu, na wasichana wengine kwenye hadithi wasiwe wa kulialia kusubiri kuokolewa. Muulize binti mwenyewe anataka shujaa avae nini.

BabaMsimulizi:
Nimerudi, ndio nimetoka chumbani kwake sasa hivi. Kivuli kilichoibiwa leo ni cha shujaa mwenyewe, kwa hiyo anapanda huku huko chini hakuna anayemkumbuka hata jina, na tawi la mwisho linalia kwa uzito. Binti alinishika mkono kwa nguvu mpaka mwanga wa kile kioo ulipoingia pangoni vilikofichwa vivuli. Nikamuuliza avae nini, akasema suruali ile ile iliyochanika goti. Nikajua tumemaliza, nazima taa, akaniita: "baba, na mchawi, kivuli chake nani alimuibia?"