Mjukuu ana utepe wa njano, stoo nina mbaazi. Nimpikieje?

BibiGallapo:
Wapendwa, habari za jioni. Niko Babati. Mjukuu wangu ana mwaka na miezi saba. Juzi kliniki wamempima mkono kwa ule utepe wa kupimia lishe, ukasoma sentimita 12, njano, yaani ana utapiamlo wa kadiri. Muuguzi akasema protini haimtoshi, nimpe nyama, mayai, maziwa. Kuku wangu wote wamekwisha kwa kideri na ng'ombe sina. Nilicho nacho ni magunia mawili ya mbaazi. Inaniuma kusema, lakini hapa kwetu mbaazi ni za kuuza. Mwaka 2017 India ilipobana mbaazi kutoka nje bei ikaanguka, zangu zikaliwa na wadudu stoo huku watoto wanakula ugali na mlenda. Sasa nataka ale, ila naogopa zitamjaza tumbo.

MhudumuKondoa:
Shikamoo bibi. Mimi ni mhudumu wa afya kijijini kwetu, na chakula cha huyo mtoto unacho humo stoo. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini kama gramu 22, na kile ambacho mahindi yamepungukiwa, mbaazi zinacho. Ndiyo maana ziende pamoja.

Chambua, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji. Fikicha kwa viganja mpaka maganda yaelee, uyaondoe. Gesi itapungua. Chemsha mpaka ukibonyeza kwa vidole ipondeke yenyewe. Ponda, koroga kwenye uji wa dona, tia kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku, huenda zina sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Anza na vijiko viwili, ongeza taratibu.

Na kliniki usiache kwenda. Ukibonyeza mguu pakabaki shimo, au akikataa kula, mpeleke siku hiyohiyo.

Mkulima_Hanang:
Tia magadi kidogo, zitaiva upesi. Au nunua soya, ina protini zaidi.

MhudumuKondoa:
Kaka, magadi yanaharibu vitamini, na huyu mtoto hana cha kupoteza. Soya ni nzuri kweli, lakini ichemshwe kabla ya kukaushwa na kusagwa. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini. Nimeona kina mama wakiipeleka mashineni hivyohivyo, wanahangaika na mtoto anayeharisha bila kujua kisa.

BibiGallapo:
Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Nililoweka vikombe viwili jana. Maganda yameelea kama ulivyosema, kuku wa jirani wakayafaidi. Leo nimempa vijiko viwili, akashika mkono wangu anataka cha tatu. Nimempa. Tumbo liko sawa mpaka sasa. Jumanne ijayo ni kliniki, nitaleta vipimo hapa. Gunia moja nimelifunga kamba, mwanangu anajua haliendi mnadani.