Kitabu cha tatu kimekatika mwisho, nitafute kingine ama niachane nacho?

Shazi_Section58 (Nakuru)

Habari zenu wasomaji. Niko na shida ndogo lakini imeninyima usingizi siku tatu sasa. Nimekuwa nikisoma Divergent ya Veronica Roth, ile stori ya vitabu vitatu, najua wengi wenu mlisoma mkiwa shule, mimi nimechelewa niwacheni. Cha kwanza nilimaliza kwa siku mbili, nilikuwa nacho hadi kwa jiko mpaka ugali ukashika sufuria, cha pili nikasukumana nacho wiki nzima, cha tatu nikakipata kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba hapa town, mia na hamsini, nikamshukuru Mungu. Sasa juzi usiku niko pale Tris, yule msichana wa stori, na kaka yake Caleb wanakimbilia kule silaha zimewekwa, roho iko juu, nageuza ukurasa, kava. Kava ya nyuma! Sentensi haijaisha hata. Nikaangalia vizuri, gundi imekauka na kurasa za mwisho zimeng'oka zote zikaenda. Ile iliyobaki nyuma kabisa iko na doa la mafuta kwa kona, na mimi nashuku sana kuna mtu hapa Nakuru alifungiwa njugu na mwisho wa hiyo stori.

Nikasema basi niangalie muvi. Wapi! Ile ya 2016 inaishia mbali sana kabla ya hapo, kumbe kitabu cha tatu walikigawa muvi mbili, ya kwanza haikuleta pesa waliyotarajia na ya pili haikutengenezwa.

Swali langu, nitafute nakala nyingine ama niachane? Maana ukweli nitasema, hiki cha tatu hakinishiki kama cha kwanza, wakitoka nje ya Chicago wanaanza kuelezana mambo ya jeni mpaka nasahau nani alikuwa anapigana na nani. Na TAFADHALI msiniambie mwisho. Najua tu Caleb atakufa, na kwa vile alimuuza dada yake sina machozi yake.

otis_kiti_cha_nyuma (Kisumu)

Achana nacho dada, umeokoka na hujui. Hii mifululizo mingi ingeisha kitabu cha kwanza na hakuna mtu angelia. Huyo Roth cha kwanza alikiandika akiwa bado chuoni, hakuna anayemngoja, ameandika na njaa. Kikatoka 2011, ghafla dunia nzima inataka kingine, akatoa 2012, akatoa tena 2013. Kila mwaka kimoja kama mahindi! Kitabu cha kwanza mtu anakuambia stori, cha tatu anamalizia mkataba, na hayo mambo ya jeni unayolalamikia ndiyo mkataba wenyewe unaongea.

Kula njugu zako ulale.

nyar_nyalenda (Kisumu)

Otis hapo umeteleza. Hunger Games nayo ilitoka kila mwaka kimoja, 2008, 2009, 2010, na kile cha tatu ndicho bora kuliko vyote, niko tayari kubishana na mtu yeyote hapa mpaka asubuhi. Watu husema kinaboesha kwa sababu Katniss, yule msichana wa stori, hapigani tena kama mwanzo, yuko hospitali, analia, anajificha kabatini. Si ndio maana yake! Suzanne Collins babake alikuwa mwanajeshi wa Marekani, alipigana Vietnam, na ukisoma unajua huyu mama hakuandika vita ya muvi, aliandika ile inayobaki na mtu nyumbani baada ya vita kuisha. Sisi tuliokuwa hapa Kisumu mwanzo wa 2008 tunajua watoto waliokaa chini ya kitanda hata wiki mbili baada ya milio kunyamaza. Mdogo wangu alikuwa mmoja. Alikuja kusoma hicho kitabu akiwa mkubwa, akafika hapo kwa kabati akakifunga, akatoka nje kidogo, akarudi akaendelea. Sasa mtu aniambie eti hicho ni cha mkataba.

Shazi, tafuta. Sikuambii mwisho. Nakuuliza kitu kimoja tu, vitabu viwili vya kwanza ni nani anasimulia? Na hiki cha tatu ni nani?

Shazi_Section58

Nyar wewe! Viwili vya kwanza ni Tris peke yake. Hiki wanapokezana, Tris sura moja, mpenzi wake Tobias sura moja. Nilidhani ni mambo ya mapenzi tu.

Mbona umeniuliza?

nyar_nyalenda

Nimeuliza tu.

otis_kiti_cha_nyuma

Hahaha Nyar umemuua mtu na swali. Sawa, kwa Hunger Games nimekubali nusu. Ile nusu nyingine nimebaki nayo.

mtoto_wa_kanduyi (Bungoma)

Mimi shida yangu ni kungoja bana. Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi ilitoka 2018 nikiwa fomu wani, tukaisoma darasa zima, hadi tulikuwa tunaapa kwa majina ya miungu ya Kiyoruba mwalimu wa dini akatuita ofisini. Cha pili kikaja 2019, hapo sawa. Cha tatu kikaja 2024!! Miaka mitano. Nilikuwa na kitambulisho, nalipa kodi ya nyumba, hata sikumbuki nani alikuwa na uchawi gani. Ilibidi nirudie vyote viwili ndio nielewe cha tatu, na kuvirudia ndipo nikaona mashimo ambayo sikuwa nimeyaona nikiwa mtoto, Zélie mwenye stori hukasirika kabla hata hajaambiwa neno.

Halafu kuna Nnedi Okorafor, vile vya Akata, msichana Sunny, zeruzeru, amezaliwa Marekani anaishi Nigeria. Hivyo navyo vilikawia, 2011, 2017, 2022, lakini sikuumia. Nilikaa nikajiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu kila kitabu kinamaliza kazi yake, jambo lililoanza humo linaisha humo, hata mwandishi akikaa miaka sita wewe hujaachwa umening'inia kwa dirisha. Adeyemi yeye cha pili alikikata pale pale mtu amefumbua mdomo.

Mwalimu_Mstaafu_Lurambi (Kakamega)

Wanangu, hayo yalikuwa yamepatiwa dawa zamani. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mpelelezi wa Unguja na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum, hata ukianzia kitabu cha tatu hupotei. Willy Gamba wa Elvis Musiba vivyo hivyo, anamaliza majambazi wake humo humo, kitabu kingine majambazi wengine.

Lakini Shazi umenikumbusha jambo. Nilipofundisha bweni tulikuwa na nakala moja tu ya Mzimu wa Watu wa Kale, kimoja cha hivyo vya Bwana Msa, na wavulana zaidi ya arobaini wanaitaka. Wakaipasua kwa wembe vipande vitatu ili wasome watatu kwa zamu moja. Ilikuwa na akili, ila aliyepata kipande cha tatu alimjua muuaji kabla ya kujua nani ameuawa. Basi huyo kijana akawa tajiri, alikuwa anauza ukimya wake kwa maandazi. Usipompa andazi anakuja kitandani kwako taa zikizimwa anaanza, "Unajua yule…" Nilimpiga marufuku, na mimi mwenyewe nilimpa andazi moja maana nilikuwa sijafika mwisho.

Shazi_Section58

Mwalimu nimecheka mpaka mtoto ameamka! Sasa mimi kipande changu cha tatu kiko kwa muuza njugu na sijui nimpelekee maandazi mangapi.

Nyar, hilo swali lako limeniharibia siku. Nimeanza kurudia kile nilicho nacho naangalia kila sura ni ya nani kama karani.

nyar_nyalenda

Usirudie. Nakala yangu iko, kava imechorwa na kalamu ya mtoto lakini mwisho uko wote, nimehesabu. Kesho nampa binamu yangu anakuja Nakuru na matatu ya asubuhi, nakutumia namba yake huko ndani. Nimefunga kurasa za mwisho na stepla usije ukachungulia barabarani. Fungua ukifika hapo tu. Na usisome ukiwa kwa jiko.

otis_kiti_cha_nyuma

Nyar mimi niko Kondele hapa karibu na wewe, miaka yote hujawahi kuniazima hata gazeti.

Shazi_Section58

Kimefika, asante sana dada, binamu yako amekataa hata soda. Sikuweza kungoja. Nimeng'oa stepla mbili nikiwa steji, nikaona juu ya sura imeandikwa Tobias. Nikageuza mbele, sura inayofuata, Tobias tena. Nikageuza nyingine.

Nimerudisha stepla na meno.