Nimelipia tawi moja la sakura, nimebandikiwa mgahawa mzima ukutani

Wakuu, mniwie radhi, naandika nikiwa na hasira na uzi utakuwa mrefu. Mods, msiuhamishie jukwaa la mapenzi eti kwa sababu kuna neno chumba cha kulala.

Mimi na mke wangu tulihamia kwenye kibanda chetu huku Kigamboni mwaka jana. Chumba chetu ni mita 3.6 kwa 2.7. Wajapani hupima vyumba kwa idadi ya tatami, ile mikeka yao minene ya sakafuni, na moja ni kama sentimita 91 kwa 182. Kwa hiyo chumba chetu ni cha tatami 6, karibu kamili. Mke wangu ndiye aliyeigundua hesabu hiyo usiku mmoja, na amani yangu ikaishia hapo.

Tukakubaliana tukipambe Kijapani: kitanda kifupi cha kukaribia sakafu, mbao zibaki na rangi yake, chini mkeka wa ukindu (wao wanasuka majani ya igusa, sisi ukindu, bibi yangu asingeona tofauti kubwa). Ukuta wa kichwani, tawi moja la sakura, yale maua ya mcheri wa Kijapani, litokee kona ya juu kushoto. TAWI MOJA. Kwingine kote ukuta mtupu, rangi ya maziwa. Mwenye duka la picha za kubandika ukutani (wallpaper) nilimwambia mara tatu, nikamchorea na kwenye karatasi.

Bei yake ilikuwa 35,000 kwa mita ya mraba, ukuta ukatoka mita 10, yaani 350,000. Fundi 80,000 pembeni. Nikalipa yote kabla ya kazi. Hilo mtanichapa baadaye, najua.

Jumamosi nikiwa kazini mke wangu akapiga simu: "Njoo mwenyewe uone, mimi sisemi kitu."

Nimefika nakuta Mlima Fuji. Daraja jekundu. Mnara wa ghorofa tano. Mwanamke na mwavuli. Korongo wawili wanaruka. Na kwenye kona, wakuu, JOKA. Yote hayo juu ya mto wangu, yameviringishiwa maua ya pinki kama jojo. Ukiingia unatafuta mhudumu alete menyu.

Na hayo maua si sakura! Petali ya sakura ina kipengo kidogo kwenye ncha, na maua yananing'inia kwa vikonyo virefu, kadhaa kutoka tumba moja. Niliyobandikiwa yana petali za mviringo zisizo na kipengo, na yamekaa kwenye tawi bila kikonyo. Hiyo inaitwa ume, ni jamii ya plamu, inachanua kabla ya sakura. Halafu sakura iliyotapakaa zaidi kule, Somei Yoshino, ni pinki ya kupauka inayokaribia weupe. Ndiyo, nimesoma. Miezi mitatu nimesoma, mtu anayetoa laki tatu na nusu ana haki ya kusoma.

Kabla hamjaniambia kwamba Wajapani nao hujaza ukuta mzima: najua. Kule Kyoto, hekalu la Chishaku-in, kuna mti wa sakura uliochorwa na Hasegawa Kyuzo mwishoni mwa karne ya 16, kwenye karatasi za dhahabu, petali zimejazwa unga mweupe wa magamba ya chaza mpaka zimetuna. Kubwa kweli. Lakini ilichorwa kwa ajili ya hekalu, na haina joka. Kwenye chumba cha kawaida cha jadi kuna kishubaka kimoja, tokonoma, kinatundikwa picha moja na kuwekwa ua, na picha hubadilishwa msimu ukibadilika. Ule utupu unaobaki ndio pambo lenyewe, na ndio niliokuwa nanunua.

Tuje kwenye ufundi, maana hapa ndipo damu inapochemka. Picha imeletwa vipande vinne vya sentimita 90. Kati ya cha pili na cha tatu daraja limepanda kidole kizima, mtu akipita anajikwaa. Nikasogea karibu: mwanamke wa mwavuli hana uso, ana vigae. Nikadai faili. Kumbe walirushiana kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa ikabaki pikseli 1,600 kwa upana. Tandaza hizo kwenye sentimita 360, kila pikseli inazidi milimita mbili. Wangeituma kama dokumenti isingebanwa. Hilo hata mwanangu wa darasa la sita analijua.

Fundi naye hakukwangua, hakupiga msasa, hakupaka praima. Kabandika juu ya rangi ya maji ya bei rahisi, ile ukipitisha kiganja unabaki na unga mkononi. Gundi ikailowesha rangi, rangi ikaachia ukuta, na leo siku ya tano karatasi inajikunja kutoka juu ikiwa imeng'ang'ania rangi yangu mgongoni. Upande wa bafu ni mbaya zaidi. Ukuta ule unavuta unyevu, na karatasi yenyewe ni ya plastiki haipumui, nimeinua kona nikakuta madoa meusi ya ukungu tayari.

Nikampigia mwenye duka. Kwa adabu kabisa, nikamwita kaka. Jibu lake: "Bro, kwani kuna mtu atatoka Tokyo kuja kukukagua?"

Nikakata simu. Baadaye nikamwandikia arudishe 350,000 au abandue na kurudia kwa tawi nililomchorea. Alama mbili za bluu zimetokea, jibu hakuna. Jana kapandisha picha ya chumba changu kwenye ukurasa wake, imepigwa kwa mbali, kaandika "mteja wetu kafurahi".

Sasa naomba vitu viwili. Kwanza, nani anajua fundi wa kubandua hii kitu bila kuondoka na plasta? Pili, aliyewahi kudai hela kwa mtu wa namna hii akafanikiwa, alianzia wapi? Risiti ninayo, na mchoro wa tawi moja ninao, una sahihi yake chini.

Mke wangu amehamia chumba cha watoto, anasema joka linamwangalia.